Hita ya Kipkoech

Chelangat na mumewe Kipsang waliishi karibu na Kaplong, katika nyumba ya mbao iliyozungukwa na chai. Kila asubuhi Kipsang alikamua ng'ombe, kisha akaenda shambani kuchuma chai. Stima ilikuwa imeingia kwao mwaka uliotangulia, 1995. Ilikuwa ya globu tu, moja kila chumba.

Mwezi wa Julai, Chelangat alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Walimwita Kipkoech. Alikuwa mdogo sana. Hospitalini, muuguzi aliwaambia, "Mwende naye nyumbani, lakini asipate baridi."

Julai huko ni ukungu na mvua. Kipsang alinunua hita iliyokwisha kutumika. Hakukuwa na soketi chumbani, kwa hiyo akachukua waya mwembamba wa taa, akauunganisha na ule wa globu, akaupitisha ukutani nyuma ya kitanda. Chumba kikapata joto. Mtoto akalala vizuri.

Lakini baada ya muda mfupi fyuzi iliungua. Kipsang akaweka nyingine. Nayo ikaungua.

"Hizi fyuzi za siku hizi ni bure kabisa," alisema kwa hasira. Akakata kipande cha waya wa ua, akakiweka mahali pa fyuzi. Siku mbili zikapita na stima haikukatika. Kipsang akafurahi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Chelangat alikuwa jikoni akichemsha uji. Alisikia harufu ya mpira unaoungua. Akakimbia chumbani. Moshi mweusi ulikuwa ukitoka ukutani, hapo hapo juu ya kichwa cha mtoto! Alimnyakua Kipkoech, akatoka nje akipiga kelele.

Jirani yao Adoyo alikuwa akianika nguo uani kwake. Alikuwa fundi wa stima katika kiwanda cha chai, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuja mbio. Kipsang naye alifika kutoka shambani, akachukua ndoo ya maji.

"Usimwage maji!" Adoyo alimzuia. "Maji na stima vitakuua. Swichi kubwa iko wapi?"

Akaizima swichi kubwa ya pale kwenye mita. Ndipo akaingia ndani, akavuta kitanda, akamwagia ukuta mchanga mpaka moshi ukaisha. Ubao mmoja ulikuwa umeungua ukawa mweusi kama makaa.

Chelangat aliketi kwenye nyasi. Akamfunua mtoto, akamtazama kifua. Kipkoech alipiga chafya, akaendelea kulala.

"Asante Mungu," Chelangat alisema, machozi yakimtoka.

Adoyo alitoka na kile kipande cha waya wa ua. "Baba Kipkoech, nani aliweka hiki?"

"Ni mimi," Kipsang alijibu polepole. "Fyuzi zilikuwa zinaungua ovyo."

"Hazikuungua ovyo. Zilikuwa zinakuonya. Wewe ukazinyamazisha." Akaiinua ile hita. "Chelangat, soma hapa nyuma."

"Volti 240. Ampia 10."

"Vizuri. Volti ni nguvu inayosukuma stima. Ampia ni wingi wa stima inayopita, yaani mkondo. Ukizidisha volti kwa ampia, unapata wati, yaani kazi ambayo stima inafanya kila sekunde."

Chelangat alichukua kijiti, akaandika kwenye udongo. "240 mara 10. Ni wati 2,400."

"Sasa globu yako ni wati 60. Gawanya 60 kwa 240. Inachukua robo ampia tu. Hita moja ni sawa na globu ngapi?"

Chelangat alifikiri. "Arobaini!"

"Globu arobaini kwa waya wa taa?" Kipsang aliuliza, mkono kinywani.

"Ndiyo. Na ule waya unabeba ampia tano tu. Ndiyo maana ulichemka."

"Lakini kwa nini hita ichukue stima nyingi hivyo?" Chelangat aliuliza.

"Kwa sababu ya ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoizuia stima isipite. Tunaupima kwa omu. Gawanya volti kwa ampia. Hita, 240 kwa 10, ni omu 24. Globu, 240 kwa robo, ni omu 960. Globu inazuia sana, kwa hiyo stima kidogo inapita. Hita inazuia kidogo, nyingi inapita."

Kipsang aliinamisha kichwa. "Ningemuua mtoto wangu."

"Yuko mzima," Adoyo alisema. "Njoo tufanye kazi."

Mchana huo Adoyo alivuta waya mnene kutoka kwenye mita. Akaweka soketi mbili, na fyuzi ya ampia kumi na tano. Walipowasha hita, Chelangat alishika ule waya kila baada ya muda. Ulikuwa baridi. Jioni alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wiki zikapita, Kipkoech akanenepa. Jumamosi moja Joan, dada yake Kipsang, alikuja na pasi na birika ya stima.

"Ngoja kwanza," Chelangat alisema. Akasoma nyuma ya pasi: ampia 4. "Hita ampia kumi, pasi ampia nne. Jumla kumi na nne. Fyuzi itabeba." Akasoma birika: ampia 8. "Hii hapana. Jumla itakuwa ishirini na mbili. Maji tutachemsha jikoni kwa kuni."

"Weh! Umekuwa fundi lini?" Joan alicheka.

"Nilifundishwa na Adoyo. Na ndiye atakayesimama nasi kesho kanisani, kama mama wa ubatizo."

Kisha akachukua pasi, akaanza kunyoosha kanzu ndogo nyeupe ya Kipkoech.