Kadi ya Sauti na Namba Saba

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wanachama wa klabu ya kompyuta walipangusa vumbi jekundu kwenye kompyuta kuukuu ya shule yao huko Mutomo. Kila aliyeitumia aliandika jina lake kwenye daftari lililokuwa kando.

Ijumaa hiyo hakuna aliyepangusa chochote. Mwalimu Musembi alikuwa akichapisha mitihani ya Jumatatu, lakini kila karatasi ilipofika katikati, printa ilisimama na kompyuta ikaganda.

Alifungua daftari. "Wa mwisho ni Nasteho. Jana, saa nne."

"Mwalimu, niliandika insha tu. Wallahi sikugusa kitu kingine."

"Kumbe fundi wetu ameua mashine!" Mulinge, mmoja wa wanachama, alicheka.

"Nyamaza, Mulinge! Nasteho, mpaka nijue ukweli, nipe ufunguo wa chumba hiki."

Nasteho ndiye aliyekuwa kiongozi wa klabu. Aliuvua ufunguo shingoni, akampa mwalimu, kisha akamtazama rafiki yake Kaluki.

Kaluki aliangalia sakafu. Jana, Nasteho alipoenda kunywa maji kabla ya kufunga chumba, yeye aliketi kwenye kompyuta asikilize nyimbo za kwaya ya kanisa lao. Sauti haikutoka. Akafungua mipangilio, akabadilisha namba ya kadi ya sauti, kifaa kinachoiwezesha kompyuta kutoa sauti, kutoka tano hadi saba. Nyimbo zikalia. Hakuandika jina.

"Nisipopata tatizo kufikia saa kumi, Jumatatu hakuna mtihani," mwalimu alisema, akianza kufungua skrubu za kompyuta.

Nasteho alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwalimu, ni mimi!" Kaluki alisema. "Niliweka kadi ya sauti namba saba."

"Saba? Saba ni ya printa!" Mwalimu aliacha bisibisi. "Kila kifaa huiita kompyuta kwa namba yake. Viwili vikiita kwa namba moja, haijui ihudumie kipi."

Akarudisha tano, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Printa ikaguruma, karatasi ikatoka nzima.

"Nasteho, nisamehe," mwalimu alisema, akimrudishia ufunguo. "Niliamini daftari kuliko wewe."

"Nisamehe na mimi," Kaluki alinong'ona.

"Nilikutazama," Nasteho alijibu, "ukaangalia chini."

Kaluki akaanza kulia.

"Mwezi mzima hutaigusa kompyuta hii," mwalimu alimwambia kwa upole. "Namba tumeirekebisha kwa dakika tano. Lakini ulimwacha mwenzako abebe kosa lako, na hilo siwezi kukurekebishia mimi. Ukikosea, sema hapo hapo, hata kama unaogopa. Sasa mwendee Nasteho, mzungumze."