Pamba na Bimkubwa

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Maswali hakuvua viatu kabla ya kupita uani kuwajulia hali sungura wake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilichuma mwenyewe kwa kuuliza. Sungura wanaota ndoto? Kwa nini pua zao hazitulii? Siku moja alimhoji fundi bomba mpaka maskini akaondoka, akasahau spana ndani ya sinki.

Sungura walikuwa wawili, kila mmoja na banda lake. Bimkubwa, jike wa kijivu, alikuwa mwenyeji. Pamba, dume mweupe, aliletwa ili awe mwenzake.

“Sitaki kiwanda cha sungura hapa,” mama alikuwa amesema. “Pamba atahasiwa kwanza, halafu Bimkubwa naye afanyiwe upasuaji wake. Na wasipopatana, Pamba atahamia kwa shangazi yako.”

Shangazi alikaa mbali, na Maswali alishampenda Pamba.

Pamba alikuwa amehasiwa juzi tu. Daktari wa wanyama aliagiza akae peke yake wiki kadhaa, mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Maswali akajiuliza: kungoja nini tena, na upasuaji umeshakwisha? Safari hii hakumuuliza mtu. Alimbeba Pamba akamtia bandani kwa Bimkubwa, akachuchumaa aone urafiki unavyoanza.

Haukuanza. Bimkubwa alimrukia mgeni, manyoya yakatimka kama mto uliopasuka. Maswali alipofanikiwa kumchomoa Pamba, sikio lilikuwa linavuja damu.

“Sikio limefanya nini?” mama aliuliza jioni.

“Waya, mama. Wa banda. Umechomoza.”

Kaka yake alichukua koleo akauzunguka ua mzima. “Huo waya siuoni,” alisema akirudi. “Labda umenisikia ukakimbia.”

Maswali alicheka kidogo, akageuka kumfuta Pamba sikio.

Kesho yake walimpeleka Pamba kukaguliwa mshono. Bimkubwa naye aliletwa, kwa kuwa zamu yake ya upasuaji ilikuwa imekaribia. Daktari, mama mmoja mpole aliyevaa mabuti ya mpira, aligeuza lile sikio kwenye mwanga.

“Mnao waya wenye meno ya mbele?” aliuliza. Kisha akamtazama Maswali. “Mwanangu, wewe kila ukija hapa unaniuliza mpaka napungukiwa mate. Leo nami nina moja tu. Hawa walikutana?”

Maswali alimtazama Pamba. Akikubali, Pamba anakwenda kwa shangazi.

“Kwani… kama walikutana, kuna nini?”

“Dume akishahasiwa, mbegu hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Bado anaweza kumpa jike mimba. Nami nataka kumpasua huyu Bimkubwa. Nikidanganywa, nitashika kisu bila kujua kilichomo tumboni.”

Bimkubwa alikuwa anaguguna kona ya boksi lake.

“Walikutana,” Maswali alisema. “Niliwakutanisha mimi. Hakuna waya.”

Mama alivuta pumzi. “Basi shangazi atapata mgeni.”

“Ngoja kwanza, mama,” daktari alisema. “Hawa hawajashindwana, wamekutanishwa vibaya tu. Lile banda ni nyumba ya Bimkubwa. Wewe ukimkuta mtu usiyemjua kitandani kwako, utamchemshia chai?”

Mama alijikaza asicheke, akashindwa. “Nafasi moja,” alisema. “Moja tu.”

Upasuaji wa Bimkubwa uliahirishwa mpaka daktari alipohakikisha hana mimba. Alipofanyiwa na kupona, kazi ikaanza. Mabanda yaliwekwa jirani, yakiachana kidogo wasiweze kung’atana. Kila asubuhi Maswali alibadilisha nyasi za kulalia, za huyu kwa yule, ili wazoeane kwa harufu. Mwanzoni Bimkubwa alipiga mguu chini kwa hasira. Baadaye alizinusa tu. Hatimaye akawa analala upande ulioelekea kwa Pamba, na daktari akasema sasa wajaribu, mahali ambapo hakuna sungura anayepaita kwake.

Mahali hapo palikuwa bafuni.

Maswali na kaka yake waliketi sakafuni, fungu la majani ya karoti katikati. Bimkubwa alimfukuza Pamba mzunguko mmoja. Maswali akanyanyuka.

“Tulia,” kaka alinong’ona. “Hajang’ata. Anamwonyesha tu nani mkubwa, kama wewe na rimoti.”

Mlango uligongwa. Alikuwa baba, taulo begani. “Jamani, kuna watu wanaoga humu!”

“Baba subiri, wanajuana!”

“Nikichelewa kazini, bosi naye atanijua!”

Ndani, Pamba aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa sakafu. Bimkubwa alimnusa, akafikiri, kisha akaanza kumlamba paji la uso. Maswali alisahau kupumua.

Mama alikuwa amechungulia dirishani. “Haya, Pamba habanduki,” alisema. “Lakini nisikilize, mwanangu. Ulipowakutanisha bandani bila kuuliza, nusura uwapoteze. Uliposema kweli kwa daktari, ndipo ulipowaokoa, japo ulijua inaweza kukugharimu. Endelea kuuliza, tena uulize kabla ya kutenda. Na ukiulizwa wewe, jibu kweli. Sasa liosheni lile banda vizuri, lisibaki na harufu ya Bimkubwa, wakaingie pamoja. Baba yenu bado yuko mlangoni na taulo lake.”