Kifuniko cha Buluu

"Dada, tangu asubuhi nakuona unauliza bei ya samaki, kununua hununui. Hawa samaki wamekukosea nini?"

Akai aligeuka akiwa amekwisha kukunja uso. Lori la kutoka Kalokol, ziwani, lilikuwa limeshusha mzigo soko la Lodwar tangu alfajiri, na harufu ya samaki wakavu ilimganda mpaka kwenye nywele. Mbele yake alisimama kijana mrefu kuliko mlango, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, viatu vya ngozi vinameta. Nani anakuja kununua samaki na viatu vile?

"Sinunui. Nafanya utafiti," akasema, akiinua tableti yake.

"Utafiti ya kuuliza bei?"

"Na kuiandika."

"Na mshahara wanakupa?"

"Wananipa."

"Wallahi! Na mimi nabeba magunia."

Akai akacheka kabla hajajizuia, na hapo ndipo alipoponzwa. Kijana aliitwa Yien, Mnuer wa Sudan Kusini, mwenye duka katika kambi ya Kakuma. Alikuwa na kibali cha siku chache cha kutoka kambini, aje Lodwar anunue samaki, arudi. Akai naye alifanya kazi na chuo kimoja cha biashara cha Nairobi, kilichokuwa kikichunguza sera gani itawafaa wafanyabiashara wa kambini na wenyeji wauziane vizuri zaidi. Yien alisikiliza maelezo hayo yote kwa adabu kubwa, kisha akaomba namba ya simu.

Mapenzi ya simu yana raha yake na adha yake. Asubuhi Yien alipiga kumuuliza samaki wameamkaje. Jioni alipiga kuuliza kama ameolewa tangu asubuhi. "Habibti," alimwita, yaani mpenzi kwa Kiarabu, na Akai, msichana wa mtaa wa Kanamkemer mwenye shanga za mama yake shingoni na digrii yake kabatini, aliyeyuka. Kazi ilipompeleka Kakuma, walikunywa chai kwa Mama Nyibol, mjane aliyeuza vitenge karibu na duka la Yien, naye akawasimamia kana kwamba amewazaa.

Tatizo lilikuwa Mzee Ekeno, baba yake Akai. Hakuwa na neno na mgeni wala kabila. Alitaka jambo moja tu: mwanamume anayemtaka binti yake aje nyumbani kwake, aketi, aonekane uso. Mara mbili siku ilipangwa, na mara mbili kibali cha Yien hakikutoka. Mara ya pili ndugu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na mbuzi amekwisha kuchinjwa.

"Jumapili moja zaidi," mzee alisema. "Asipokuja, usinitajie tena jina lake. Mtu asiyeweza kufika kwangu atakutunzaje?"

Tangu siku hiyo Akai alilala roho juu, akaamka roho juu.

Ndipo utafiti ukaingia hatua yake kubwa. Daktari Rael, mhadhiri kutoka Nairobi aliyeuongoza, alikuwa amebuni mpango na kukubaliana na ofisi ya vibali. Baadhi ya wafanyabiashara wangepewa kibali cha mwaka mzima, waende Lodwar na kurudi wapendavyo. Wengine wangeendelea kuomba kila safari, kama zamani. Mwaka ukiisha, makundi mawili yangelinganishwa, na serikali ingeona kama inafaa kuwapa wote. Ili pasiwe na upendeleo, kura ingepigwa hadharani: ndoo imejaa vifuniko vya chupa, kila mtu atumbukize mkono. Buluu ni mwaka mzima. Nyeupe ni kama zamani.

Akai ndiye aliyeishika ndoo, ndani ya ukumbi wa kanisa kambini, joto limewabana, kitenge chake cha manjano kimelowa mgongoni. Alipoinua macho akamwona Yien kwenye foleni. Hakuna aliyemwambia kwamba jina lake limo. Sheria ya utafiti aliijua, aliitia saini mwenyewe: ukiwa na uhusiano na mshiriki, sema mapema. Daktari Rael alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Akai akafungua mdomo, akaufunga.

Yien akatumbukiza mkono, akautoa. Nyeupe. Akaitazama, akamtazama Akai, akapita. Jumapili ilikuwa imekwenda na maji.

Kesho yake alikuwa Lodwar simu ilipoita.

"Habibti! Nimepata!"

"Umepata nini?"

"Kibali! Mwaka mzima! Mwambie mzee achinje mbuzi, mimi nakuja Jumapili, hata ile nyingine nakuja. Atanichoka!"

"Yien, nilikuona. Ulitoa nyeupe."

Kicheko kikasikika upande wa pili. "Ee, nyeupe. Lakini Mama Nyibol alitoa buluu. Tuko kwa foleni ya kuandikwa majina, akaniwekea kwa mkono. Akasema, 'Hii ni mchango yangu ya harusi. Mimi niende Lodwar kufanya nini na magoti haya?' Sasa nikatae? Soko yote imechanga. Mwingine sukari, mwingine mikeka. Yeye buluu."

Akai akaketi kitandani. Hapakuwa na hila ndani yake, hilo ndilo lililomuumiza. Kwa watu wa soko lile, kilichoingia mkononi mwako ni chako, na ukimpa bwana harusi umefanya utu. Nani aliyewaeleza kwamba kura si nyama ya kugawana?

"Yien, sikiliza. Kura ni ya kulinganisha. Wenye hamu ya kusafiri wakihamia upande mmoja, wasio na hamu wakabaki upande mwingine, matokeo yatakuwa ya uongo. Serikali itaweka sera ya watu wote hapo juu ya uongo."

"Kwa kifuniko moja?"

"Leo kimoja. Kesho kila mtu ana harusi."

"Akai." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni mara ya tatu. Baba yako amesema ya mwisho. Nyamaza tu, mpenzi. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Basi jua, lakini nyamaza."

Akai alisema mtandao unasumbua, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Usiku ule hakupata lepe la usingizi. Akinyamaza, Jumapili Yien angeingia uani kwa baba, na furaha yake ingekamilika. Akisema, anampoteza Yien, na huenda na kazi. Mara tatu alishika simu ampigie, na mara tatu aliiweka, kwa kuwa alijijua: sauti ile ikisema "habibti" mara moja tu, amekwisha. Asubuhi aligonga mlango wa Daktari Rael, katika ofisi ya utafiti pale Lodwar, akaeleza yote: kifuniko, Mama Nyibol, na Yien ni nani kwake.

Daktari Rael alivua miwani. "Kwa nini hukuniambia kabla ya kura?"

"Niliogopa, daktari."

"Kibali kitarudi kwa mwenyewe. Na wewe," akasita, kwa maana alimpenda, "siwezi kukuacha katika utafiti huu. Unaelewa?"

Akai alielewa. Asichojua ni kwamba mchana ule ule ofisa aliingia dukani kwa Yien, akakidai kibali mbele ya wateja, na Yien alipouliza nani kasema, akajibiwa kwa mkato: msichana wa utafiti, yule mshika ndoo.

Tangu saa ile simu ya Yien haikupatikana. Akai alipiga akitoka kuoga, akipiga mswaki, akiwa kanisani. Mama yake, Awoi, alimtazama akikikodolea macho kile kioo cha simu, akamsogezea sahani ya chakula. Ujumbe ulikuja mmoja tu, Jumamosi: *Ungesema tu unaona aibu kuolewa na mkimbizi. Hukuwa na haja ya kuniletea ofisa.* Akai alipiga hapo hapo. Imezimwa.

Jumapili ikafika bila huruma. Ndugu wakaketi uani Kanamkemer, shanga na shuka zao mpya, vigoda vimepangwa. Jua likapanda, likaanza kushuka. Lokeno, mdogo wake mzee, akasafisha koo mara ya kumi.

"Ya tatu," Mzee Ekeno akasema, akainuka.

"Baba, mimi ndiye niliyemzuia."

Akai akaeleza kwa Kiturkana, kwa maneno mepesi aliyoweza kuyapata. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatema tumbaku.

"Huyo mama alimpa kwa hiari?"

"Kwa hiari."

"Na wewe ukamnyang'anya, ukijua leo hatakuja."

"Nikijua, baba."

"Na wengine waliotoa nyeupe, wao walipewa na nani?"

"Hakuna."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Huyo kijana anajua kwamba wewe ni mgumu hivi? Maana ni vizuri ajue kabla ya ng'ombe wa mahari kutoka." Ndugu wakacheka, yeye hakucheka. "Mimi tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza karatasi ya kwenda Kakuma."

Lokeno akaruka. "Baba wa msichana amfuate mwanamume? Watasema tunamtembeza!"

"Nani anamfuata mtu? Kesho naenda kuangalia bei ya mbuzi. Nikipita mbele ya duka la mtu, nimepita."

Kesho yake, Kakuma, Yien alikuwa nyuma ya kaunta, ndevu hazijanyolewa, ndala miguuni, shati limejikunja. Akai alikuwa ameandaa hotuba njia nzima, na yote ikampotea mlangoni.

"Umekuja kufunga na duka?" Yien akauliza.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimesikia kwa ofisa, Akai. Mbele ya wateja! Simu unayo. Hukuweza kunipigia?"

"Hapo nilikosa. Niliogopa ukinibembeleza nitalegea."

"Ningekubembeleza."

"Najua."

"Na ungelegea?"

"Ningelegea, Yien."

Yien akatazama chini. Mdomo ulitaka kutabasamu, akauzuia. "Ungefanya tena?"

Akai angeweza kudanganya. Machozi yalikuwa yakimlenga, na jibu tamu lilikuwa karibu. "Kusema, ningesema tena. Ila wewe ungejua kwanza."

"Kwa sababu ya aibu. Mkimbizi aingie kwa baba yako, watu waone."

"Aibu?" Sasa alipandisha sauti. "Ningeona aibu ningetaja kifuniko nikaishia hapo! Nilimwambia Daktari Rael wewe ni nani kwangu. Ndiyo maana sina kazi."

Yien aliinua kichwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo. "Kazi yako wamechukua?"

"Wamechukua."

"Ulimwambia mimi ni nani?"

"Mchumba wangu."

"Lakini mimi sijakuchumbia."

"Basi niliwadanganya mara moja," Akai akasema, akijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Wakijua watanifukuza tena."

Yien akacheka, kisha akacheka na kulia pamoja, akaizunguka kaunta na kuishika mikono yake yote miwili. "Malesh, habibti. Samahani sana."

"Baba yuko nje."

"Baba nani?"

"Wangu. Anaangalia bei ya mbuzi."

Yien alijitazama ndala, akajitazama shati, akaangalia huku na huku atafute pa kujificha. Lakini Mzee Ekeno alikuwa amekwisha kuketi kwenye gunia la unga mlangoni, fimbo magotini, na Mama Nyibol alikuwa ameacha vitenge vyake ili aone vizuri.

"Ejok, mzee," Yien akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Ndiye wewe usiyekuja?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja mimi. Sema."

Kijana yule aliyekuwa na jibu kwa kila kitu akaanza kulinyoosha shati lake. Mama Nyibol akamsukuma begani. "Ongea, mtoto!"

"Mzee, naomba Akai. Siku ya kufika kwako siwezi kuahidi, sitaki kukudanganya. Pengine nitakaa hapa miaka. Yeye anaweza kwenda, mimi siwezi. Akitaka kwenda, sitamfungia mlango. Akirudi, atanikuta."

Akai hakuthubutu kumtazama baba yake; alitazama mkono wake uliokunjamana ukiipapasa ile fimbo, juu na chini.

"Una baba hapa?" mzee akauliza hatimaye.

"Baba alifariki. Kuna baba mdogo, Gatjang."

"Mwite," Mzee Ekeno akasema, akisogea kwenye gunia ili kupata nafasi ya mtu wa pili. "Habari za ng'ombe siongei na watoto."