Kikohozi Ndani ya Kopo

Jumanne asubuhi kikohozi kilimtoka Anitha. Jumatano mchana kikasikika ndani ya kopo.

Kopo lenyewe, la rangi ya ukuta iliyokwisha, lilikaa dirishani na tawi la ule mmea wa Kihindi wa majani manene yenye vinyweleo. Ukiugusa kwa kidole kimoja, harufu utaikuta kwenye mto wako wiki nzima. Dawa kali! Ng'ombe mwenye kifua akinusa tu, anaimba kwaya. Anitha, mtoto wa miaka minne, alikuwa amekohoa siku kumi na saba mpaka misumari ya bati ikalegea. Vijiko viwili vya maji yake na asali, kimya.

"Baba Anitha," Evodia alimnong'oneza mumewe, "kopo limekohoa."

"Kopo lina mapafu?" Benjamini akacheka. Huyo ndiye Benjamini wa Lukozi, anayepandisha mlima na magunia mawili ya viazi huku anapiga mluzi.

Koho! Kifua cha mzee, kikavu. Majani yakatikisika, na upepo hakuna.

Wakamwita jirani yao, Bibi Jenoveva, aliyewaelekeza dawa hiyo. Alisimama mlangoni, ndani hakuingia.

"Benjamini, nilikwambia ufanye nini pale duka bovu la Mhindi, kabla ya kuchuma?"

"Niseme shikamoo."

"Ulisema?"

Benjamini akaangalia viatu. "Bibi, mimi na ndevu hizi niamkie jani?"

"Jani gani! Mwenye duka alikufa, jini lake likabaki linalinda mmea. Usipoliamkia kwake, litakuja kuamkiwa kwako. Rudisha leo hii. Na uamkie!"

Saa tisa ukungu ulishuka, ule wa kwetu wa kuku kugongana vichwa, na Benjamini akatembea amekumbatia kopo, na kila akikanyaga kopo linakohoa, akisimama linasimama, akikimbia linakohoa mbio, mpaka jasho la baridi likamlowesha shati na asijue tena kama kile kifua kinachokwaruza ni cha kopo au ni chake.

Akaliweka kwenye ngazi ya duka. Akafungua mdomo.

"We Ben!" Paskali wa bodaboda akapunguza mwendo barabarani. "Siku hizi unaongea na mboga?"

"Natupa takataka!" Benjamini akajibu, shikamoo akaimeza. Kopo likanyamaza kimya kabisa. Akarudi anapiga mluzi.

Nyumbani harufu ya majani ilimpokea tangu uani. Anitha, ambaye kila siku humkimbilia na shikamoo yake hata kabla hajavua buti, alikuwa ameketi kwenye kigoda cha baba yake, miguu ameikunja kama mwenye duka, anamtazama, anasubiri, midomo inageuka rangi ya zambarau, na Evodia amepiga magoti pembeni anamshika kifua, anamwachia, anamshika tena.

"Mwamkie," Evodia alisema kwa sauti isiyotoka. "Baba Anitha, mwamkie! Mtoto hapumui!"

Magoti ya Benjamini yakagusa sakafu.

"Shikamoo."

Mtoto akavuta pumzi ndefu. Akakohoa mara moja, kikavu.

"Marahaba," ikajibu sauti ya mzee. "Na kesho uwahi."