Samadi Mbichi Juu ya Kisima

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ukamfuata Chiriku hadi darasani: eti maziwa ya ng'ombe anayouza mama yake yanaharisha watoto. Alijitahidi kuupuuza, lakini haukumbanduka.

"Chiriku, leo umetuletea ya kutukimbiza chooni?" mwenzake wa dawatini alimtania. Darasa zima likaangua kicheko. Binti huyo, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, siku hiyo alijifunika uso kwa daftari.

Kazi yake kila asubuhi ilikuwa kuzoa kinyesi zizini na kukisukuma kwa toroli hadi shimo la samadi, kule bondeni nyuma ya mahindi. Humo kilifunikwa kwa majani na kugeuzwageuzwa mpaka kikaoza, kikawa cheusi na kisichonuka. Ndipo mama alipokisambaza shambani. Lakini tairi la toroli lilipopasuka, kabla uvumi haujaanza, Chiriku aliona bondeni ni mbali mno. Akawa anakibeba kwa ndoo na kukimwaga kibichi kwenye tuta la mchicha, pale mteremkoni juu ya kisima.

"Umepeleka shimoni?" mama aliuliza.

"Nimepeleka, mama."

Alidhani mchicha utanenepa. Wapi! Uliungua, ukawa wa njano. Kisha mvua kubwa ikanyesha, maji ya kahawia yakateremka kutoka tutani hadi kisimani. Hapo majirani walichota maji, na hapo mama aliosha ndoo zake za maziwa.

Wateja wakakatika mmoja mmoja. Mama alimwaga maziwa migombani huku akilia kimyakimya. Halafu kitindamimba wake, mdogo wa Chiriku, akaanza kuharisha. Macho yakadidimia, midomo ikakauka, akawa analia bila machozi.

"Kunywa, baba. Kidogo tu," mama alimbembeleza, akikoroga maji ya chumvi na sukari.

Chiriku aliitazama ndoo yalimotoka maji hayo. Ilitoka kisimani asubuhi ile, na kuni zilikuwa zimelowa, hakuna kilichochemshwa. Alipoona kikombe kinagusa midomo ya mdogo wake, alikipiga kikaruka.

"Una wazimu?"

"Usimpe, mama! Maziwa hayana kosa. Ni maji. Samadi sikuipeleka shimoni. Niliimwaga kwenye mchicha."

Mama hakumpiga. Alimtazama tu, na Chiriku akatamani angepigwa. Kisha mama akamfunga mtoto mgongoni, wakakimbilia zahanati.

Muuguzi alihangaika kuutafuta mshipa wa kutundikia dripu. "Mmechelewa," alisema. Chiriku alikaa sakafuni, akihesabu matone kwa hofu.

Mtoto alipona, ila alirudi mwepesi kama kifaranga, na ilimbidi ajifunze upya kusimama. Chiriku alipita nyumba kwa nyumba kusema ukweli. Kisima kilisafishwa na kutiwa dawa. Baadhi ya wateja hawajarudi mpaka leo.

Tairi lilipozibwa, mama alimkabidhi toroli. "Samadi inatulisha, mwanangu, lakini ukiitupa ovyo inatuua. Shika haya niliyojifunza kwa machozi:

Usimwage kinyesi cha ng'ombe karibu na kisima, wala upande wa juu yake.
Usiweke samadi mbichi kwenye mboga.
Usisambaze samadi mvua inapokaribia.
Usinywe maji ambayo hayajachemshwa, hata kuni zikilowa.
Usishike chakula kabla ya kunawa kwa sabuni.
Na usiniambie umepeleka, kama hukupeleka."