Mrija wa Sita

Kila siku kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwamwagia kuku pumba, na kuteremka bondeni na ndoo kutafuta maji. Anayeijua Newala analijua bonde hilo. Kushuka ni mchezo, kupanda ndiko kunakotoa machozi, na ukijikwaa karibu na nyumbani maji yakamwagika, hakuna wa kukupa pole. Utaambiwa urudi. Ndiyo maana wenye uwezo walichimba visima vya mvua uani, wakavisakafia kwa saruji, na kukinga ndani yake maji ya paa la bati.

Jirani yetu Fakihi, baba yake Pili, alikuwa na visima viwili. Kimoja kilikuwa kizima. Cha pili kilipasuka zamani, akakigeuza jalala na kukifunika kwa mabati. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, wafanyabiashara wakaja na malori yao kununua korosho, na salfa ya kupulizia mikorosho ikauzwa hata vibandani. Baba Pili alileta magunia mengi ya salfa kutoka Masasi, yakanyeshewa, unga ukagandamana kama mawe. Aliyatupa yote katika kisima hicho kibovu, juu ya mabibo yaliyooza na majani ya misimu miwili.

Oktoba ya mwaka ule, nikiwa darasa la sita, alikuja Severina, mdogo wake mama. Sote tulijua kwamba amesoma mpaka chuo kikuu, lakini kazi yake hata mama alibabaika kuieleza. Aliwaambia majirani kwamba mdogo wake anasoma matope, nao wakacheka. Kumbe ndivyo hasa. Mama mdogo alikuwa ametoka melini. Walikuwa wamekaa wiki tatu mbali na pwani ya Mtwara, mahali penye kina cha zaidi ya mita elfu mbili, wakizamisha vyuma virefu na kuchota matope ya chini kabisa ya bahari. Gari la barafu la kuyapeleka Dar es Salaam lilikuwa bado siku tisa, na Mtwara joto lilikuwa kali, kwa hiyo akayaleta kwetu Newala, huku juu kwenye ubaridi. Ilikuwa mirija sita ya plastiki, minene kama mkono wangu, imezibwa kwa mpira ncha zote mbili. Aliilaza sandukuni katika chumba cha ndani na kuifunika magunia yaliyolowa.

Kila alfajiri nilimshikia tochi. Alichoma sindano ndefu katika kizibo, akavuta gesi kidogo, akaipima, kisha akaandika katika daftari lenye jalada la bluu. Alinieleza kwamba kule chini hakuna jua wala hewa, lakini matope yale yamejaa bakteria wasioonekana kwa macho. Wanakula mabaki ya samaki na mimea yanayoshuka kutoka juu. Sisi tunavuta hewa; wao wanatumia salfa iliyomo katika maji ya chumvi, na wanatoa gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ikiwa nyingi mahali palipofungwa, alisema, mtu akivuta mara mbili au tatu tu anaanguka.

"Dorika, usifungue hata mmoja," aliniambia. "Hewa ikiingia, kazi ya miaka miwili imekwisha."

Niliitikia kwa moyo wote. Tatizo langu ni mdomo. Shuleni niliwasimulia wenzangu habari za matope yanayopumua, nao wakanizomea. Pili akasema mama yake amemwambia kwamba Severina anafuga udongo wa makaburini, na ndiyo maana anauchoma sindano alfajiri. Maneno yale yaliniuma sana. Jumatatu mchana, mama mdogo alipokwenda posta kupiga simu, nilichukua mrija wa mwisho, ule wa sita, nikamwita Pili nyuma ya nyumba, nikang'oa kizibo ili aone mwenyewe.

Kizibo kilitoka kwa kishindo. Tope jeusi lilinirukia mkononi, na harufu iliyotoka ilimfanya Pili akimbie huku ameziba pua. Nilijifuta kwa mchanga. Hapo nikaona bangili yangu ya fedha, niliyopewa na bibi, imegeuka nyeusi kama masizi. Niliisugua, haikutakata. Nilipigwa na hofu, nikakimbia hadi kwenye kisima kibovu cha Baba Pili, nikainua ncha ya bati na kuutumbukiza mrija ule.

Jioni mama mdogo aliuliza nani ameingia chumbani, kwa sababu mirija iko mitano. Nilijibu kwamba sijui, labda ni mbuzi wa jirani. Mbuzi gani anayefungua sanduku? Hata leo nikikumbuka jibu lile nauona uso ukiwaka. Yeye alinitazama, akautazama mkono niliouficha nyuma, akasema haya. Hakuuliza tena.

Jumamosi asubuhi Baba Pili aliamua kukisafisha kisima kile ili akizibe ufa kabla ya mvua. Waliondoa mabati, naye akashuka kwa ngazi akiwa na jembe. Jafari, mdogo wake, alibaki juu kuvuta ndoo. Nilikuwa uani nikichambua mchele. Ndoo ya kwanza ilipopanda, nilimwona Jafari akitoa ndani yake kitu kirefu cha plastiki, akakigeuzageuza. Nikasikia akimwita kaka yake, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa nguvu, na mara ya tatu akapiga yowe.

Watu walijaa kabla sijaweka ungo chini. Baba Pili alikuwa amelala kifudifudi juu ya tope, hajitikisi. Jafari alikwisha weka mguu kwenye ngazi ili amfuate, na hapo mama mdogo akatokea mbio, akamkamata kiuno na kumvuta nyuma, wote wawili wakaanguka. Alikuwa anamwambia asishuke, kwamba atakufa na yeye. Jafari hakusikia neno. Alichoona ni mwanamke wa matope akimzuia kumwokoa ndugu yake. Alimpiga kofi, akauinua mrija juu ili watu wauone.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni changu," mama mdogo alijibu.

"Nani amekiweka humu?"

Mama mdogo alijifuta mdomo kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa inatoka damu, na hakutazama upande wangu hata kidogo.

Mtu mmoja nyuma akasema mchawi. Neno hilo lilitosha. Jiwe la kwanza lilimpiga begani, la pili juu ya jicho. Mwanamume mmoja alichukua mpini wa jembe akampiga mkono wa kushoto, na mlio wa mfupa ukivunjika niliusikia kutoka mahali niliposimama. Wengine walivunja mlango wetu, wakatoka na sanduku na kulibamiza ardhini, wakaanza kuiponda mirija kwa mawe mpaka uwanja mzima ukanuka. Mama alijitupa juu ya mdogo wake kumkinga, akapigwa mateke naye. Vijana wawili walikuwa wanatafuta mafuta ya taa. Na muda wote huo Baba Pili alikuwa chini, na hakuna aliyekuwa anamfikiria.

Pili alikuwa amesimama kando ya mama yake. Alinitazama. Alijua nani aliufungua mrija ule, na macho yake yalikuwa yananiuliza kwa nini sisemi. Nataka niwe mkweli hapa: niliwaza kukimbia. Niliwaza kwamba ni mimi niliyemuua baba yake, na nikisema, mawe yale yatanigeukia mimi. Kisha nikaona dumu la mafuta likija.

Niliingia katikati ya watu, nikapanda juu ya sanduku lililovunjika na kuinua mkono wenye bangili nyeusi.

"Ni mimi niliyeutupa. Niliuiba, nikaufungua, nikauficha humu. Mama mdogo hana kosa."

Mtu alinisukuma nikaanguka. Niliinuka, nikarudia maneno yale yale. Safari hii Pili naye akasema, kwa sauti ndogo iliyokatika, kwamba ni kweli, aliniona. Jafari aligeuka. Mkono wake, sasa wenye jiwe, ulibaki hewani, haujui uende wapi.

Mama mdogo alipata nafasi ya kuinua kichwa. "Dorika, lete kuku," alisema.

Nilimkamata tetea mweupe wa mama, nikamweka kwenye tenga, nikalifunga kamba na kuliteremsha kisimani. Alilia mara moja, halafu kimya. Nilipolivuta tenga juu, kuku alikuwa amelegea, shingo inaning'inia. Hakuna aliyemgusa wala aliyempiga jiwe. Watu walirudi nyuma hatua mbili tatu, na kelele zikafa.

"Hewa ya humo ni mbaya," mama mdogo alimwambia Jafari. "Ukishuka sasa, tutatoa maiti mbili. Leta mashine yako ya salfa. Mwaga unga wote, tupulize hewa tupu."

Jafari alikuwa na mashine ya injini ya kupulizia mikorosho. Aliileta mbio, akaumwaga unga, akavuta kamba ya kuwashia. Haikuwaka. Akavuta tena huku analia. Mara ya tatu iliunguruma, wakaingiza bomba lake refu kisimani, na harufu ya mayai viza ikapanda juu kwa nguvu hata watu wakatapika. Baada ya dakika chache mama mdogo akaagiza kuku wa pili. Huyo alirudi juu anapiga mabawa na kupiga kelele. Ndipo Jafari alipofungwa kamba kiunoni na kushuka, huku mashine inaendelea kupuliza.

Baba Pili alitolewa uso umekuwa wa kijivu. Mama mdogo, mkono mmoja ukiwa umevunjika na jicho moja limevimba, alimwelekeza Jafari namna ya kumpulizia pumzi mdomoni. Walifanya hivyo mpaka tukaanza kukata tamaa. Kisha akakohoa. Mama Pili alikaa chini pale pale akajifunika uso kwa kanga. Walewale walioleta dumu la mafuta ndio waliokimbia kutafuta gari la kwenda hospitali.

Siku ya tatu nilikwenda wodini kumwona mama mdogo. Jafari alikuwa ametangulia; nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, anaomba radhi. Alipotoka, nilimwamkia mama mdogo shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniambia nikae. Nilimwomba msamaha. Nikamwuliza kama ni tope langu lililomwangusha Baba Pili.

Alisema hapana. Tope la mrija mmoja lisingeweza kumwangusha hata panya. Kisima chenyewe kilikuwa na mabibo, majani, salfa na giza, na bakteria waliokaa humo wamefanya kazi ileile inayofanywa na wenzao wa baharini. Jembe lilipolivuruga tope, gesi yote ikafumuka. Nilishusha pumzi, na aliona.

"Usifurahi haraka," alisema. "Nilijua tangu Jumatatu. Fedha hugeuka nyeusi ikikutana na gesi ile, na nilikiona kipande cha bangili yako. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Na mimi nilikosea kusubiri. Lakini ungeniambia siku ile, ningekasirika siku moja tu, nisingeumia mkono, na mirija mitano isingepondwa."

Niliuliza kwa nini hakunitaja pale kisimani. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kipumbavu. Alisema mawe yale yangeniua mimi mapema kuliko yeye.

Kisha akaniagiza nitoe daftari la bluu mfukoni mwake pamoja na kalamu. Ukurasa wa mrija wa sita ulikuwa na vipimo vya siku chache, halafu mistari mitupu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Katika kazi yangu kila mtu hukosea. Kosa likiandikwa, anayekuja nyuma analijua na analikwepa. Likifichwa, linaharibu hata yale tuliyoyafanya sawasawa, na siku moja linamwangukia mtu ambaye hakulitenda. Hata nyumbani ni hivyohivyo. Sasa andika."

Niliandika kwamba mrija wa sita ulifunguliwa Jumatatu saa nane mchana. Akaniuliza ulifunguliwa na nani. Nikaandika jina langu lote, na la baba yangu, kwa herufi kubwa.