Rufaa ya Kava la Belmorani

Kisikilizi kiligonga chuma mara moja, ngo, kwa nyundo ndogo kuliko punje ya mtama, kisha kikatulia. Kilikuwa chombo cha ukubwa wa mkebe wa maziwa, chenye miguu sita ya mpira, na asubuhi hiyo kilitambaa juu ya injini ya gari la kale katika karakana moja ya Tanga.

"Kabureta. Asili," kikasema. Kikasogea, kikagonga tena. "Manifoldi. Asili."

Kila chuma kina mlio wake, na ndani ya mlio huo mna habari zake zote: kiliyeyushwa katika tanuri gani, kilipoa haraka au taratibu, kimechemka na kupoa kwa miaka mingapi. Mimi na wewe tukikigonga tunasikia ngo, basi. Kisikilizi kilisikia maisha mazima ya chuma hicho, tangu kilipozaliwa.

Aliyekibuni alisimama pembeni amefumbata mikono, na wala hakujisumbua kuficha raha yake. Injinia Nakijwa Mshana, binti wa Usangi, alikuwa amefika mahali ambapo hapakuwa na tajiri duniani aliyefufua gari la kifahari bila kuuliza kwanza chombo chake kimesemaje. Wauza spea za kughushi walimlaani katika lugha ambazo hata hakuzijua. Kwa nini asitembee kifua mbele?

"Injinia, punguza kutabasamu, utapasua mashavu," akasema Mbelwa Shemhilu, fundi mkuu wa karakana, akijifuta grisi mikononi. Yeye ni Msambaa wa Lushoto, na tangu waanze kufanya kazi pamoja hakuwahi kumwacha Mpare huyu, mtani wake, apumzike.

"Wewe fanya kazi yako, Mbelwa."

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Miaka hiyo petroli ilikuwa imepigwa marufuku. Magari yote yalikwenda kwa nguvu ya jua, na barabarani ulisikia viatu vya watu tu. Sheria iliacha mlango mmoja: gari la kale ambalo kila kifaa chake ni cha asili liliruhusiwa kuwashwa. Likikutwa na kifaa kimoja bandia, hata nati, roboti la Wakala wa Injini lilikuja na tangi mgongoni, likamimina gundimawe ndani ya silinda. Gundimawe ni majimaji meupe yanayoganda yakawa magumu kama zege. Tangu hapo gari linakuwa pambo la sebuleni au la makumbusho. Watu waliyaita magari-bubu.

Gari lililokuwa mbele yao lilikuwa Belmorani, refu, jeusi, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao iliyong'aa kama juzi. Bwana mmoja wa mashamba ya mkonge ndiye aliyelileta nchini zamani hizo. Baadaye lilimwangukia baba yake Bi Mwanamvua wa Barabara ya Kumi, Ngamiani, na tangu siku hiyo halikujua kazi nyingine ila kubeba maharusi. Tajiri au fukara, bi harusi wa Ngamiani alipanda Belmorani, na honi yake ilimtoa mpaka mlangoni kwa mumewe. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Zawena, mjukuu wa Bi Mwanamvua mwenyewe.

Kisikilizi kikafika kwenye wota pampu, ile pampu inayozungusha maji ya kupoza injini. Kikagonga kava lake. Kikagonga tena. Kilikuwa hakijawahi kugonga kifaa kimoja mara mbili.

"Kava la wota pampu. Bandia."

Nakijwa alishusha mikono. Kisikilizi hakikuwa na siri: neno likishatoka, limeshafika Wakala. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiumba hivyo, kusudi asije akahongwa mtu. Hata kahawa ya Mbelwa haijapoa, roboti lilikuwa limesimama getini na tangi lake. Sheria ilimpa mwenye gari mpaka adhuhuri ya Jumamosi alete kava la asili, na ikipita hapo ni gundimawe.

Nakijwa aliuliza karakana zote duniani. Hakukuwa na kava hata moja. Kiwanda cha Belmorani kilikufa kabla babu yake hajazaliwa.

"Unatafuta mbali bure," akasema Mbelwa. "Kava hili lilibadilishwa hapa hapa Tanga, siyo? Sasa niambie, fundi gani wa hapa aliwahi kubaki na spea ya mtu? Ukifungua kibovu unamrudishia mwenyewe mkononi, aone kwamba kweli umebadilisha. Usipomrudishia, mtaa mzima utakuita mwizi. Kava la asili liko kwa mwenye gari."

"Miaka yote hiyo?"

"Watu wetu wanatupa chuma?"

Wakaenda Barabara ya Kumi. Uani kulikuwa na harufu ya pilau ya majaribio, na kina mama walikuwa wakichagua mchele huku wakimcheka mmoja wao. Bi Mwanamvua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili, aliketi katikati akiamrisha kila mtu.

"Shikamoo, bibi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Gari langu limepona?"

Nakijwa alimweleza yote bila kupunguza. Bi Mwanamvua akamgeukia mwanamke aliyekaa karibu na pipa la maji. "Hebu nipe hicho kizito kilicho juu ya mfuniko. Marehemu baba alisema kisitupwe, nasi tukakikalisha hapo ili paka wasifunue maji."

Lilikuwa kava la Belmorani, limetapakaa chokaa na mavi ya kuku. Mbelwa alilibusu. Kisikilizi kilichomolewa mfukoni, kikagonga, kikasema bila kusita: "Asili."

Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakaja kuuliza kama harusi imeletwa mbele. Ila Nakijwa hakushangilia. Alikuwa bado anasoma maelezo yaliyofuata kwenye kioo cha kisikilizi. Chuma kile kilikuwa na kiputo cha hewa ndani, kiputo cha tangu kiwandani, na kutoka hapo ufa mwembamba ulipita mpaka ukingoni.

Walilifunga kava hilo jioni ile ile, wakawasha injini. Belmorani halikumaliza hata kuunguruma vizuri. Maji yalichuruzika, mvuke ukapanda, Mbelwa akazima upesi huku akitukana kwa Kisambaa.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "La asili linapewa cheti, na halitembei. Bandia linatembea, na halipewi cheti. Bi Mwanamvua achague kifo kipi."

Kulichomelea lile la asili haikuwezekana, maana chuma kilichochomelewa nacho kilihesabiwa bandia. Nakijwa aliliona kosa hilo katika sheria kwa mara ya kwanza, na aliyeisaidia Wakala kuandika sheria ni yeye.

Alilichukua kava bandia, akaliweka mezani. Kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, akakiamuru kisikilizi kisiseme jina, kieleze tu kinachosikia.

"Aluminiamu ya mchanganyiko," kikaanza. "Sufuria. Pistoni. Fremu ya dirisha. Imemiminwa katika kalibu ya mchanga wa Pangani. Ukuta ni mnene zaidi upande wa kushoto."

"Upande gani?" Nakijwa akainuka.

"Wa kushoto. Pale ambapo kava la kwanza lina kiputo."

Mbelwa alipiga mluzi. "Aliona. Yule fundi aliona kiwanda kimekosea wapi, akaongeza nyama."

"Ndani kuna alama," kikaendelea kisikilizi. "Dole gumba lilibonyezwa kwenye mchanga kabla ya kumimina. Lina kovu la mshazari."

Nakijwa akauliza swali jingine. Je, dole hilo kiliwahi kulisikia mahali pengine, miongoni mwa yote kiliyoyaita bandia?

Kikaanza kutaja. Gari la Mombasa. Gari la Zanzibar. La Moshi, la Voi, la Bagamoyo, tena la Mombasa. Kiliendelea kutaja mpaka Mbelwa akavuta stuli akaketi. Magari ya fahari, ya makampuni mbalimbali, na yote yalimiminiwa gundimawe. Yote yalikuwa yakitembea vizuri kabisa mpaka siku kisikilizi kilipoyagonga.

Alipokuwa akikifundisha, Nakijwa alikibeba kukizungusha viwanda vya Ulaya, kikasikiliza tanuri moja baada ya jingine. Kwenye matanuri ya kwao hakukipeleka hata moja. Hakudhani kuna la kusikiliza. Chochote ambacho chombo hakikukijua alikipa jina moja, bandia, akalala usingizi. Sasa ilimuuma, ilimuuma kweli, na hakutafuta wa kumsingizia.

Jumamosi asubuhi Msajili wa Wakala, Bwana Lugome, alifika karakanani. Alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kuvua kofia akiingia mahali. Roboti lilikuwa limekwisha kuingia ndani na kufungua bomba la tangi. Bi Mwanamvua alikuja na nusu ya mtaa, na Zawena mwenyewe, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko.

"Injinia, naambiwa unakata rufaa," akasema Lugome. "Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya kisikilizi."

"Kisikilizi ni chako."

"Ndiyo, ni changu, na kimekosea."

"Wapare, jamani!" Mbelwa akanong'ona kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Wakikosa wa kumshitaki wanajishitaki wenyewe." Watu wakacheka, hata Lugome.

Nakijwa aliweka makava mawili juu ya meza. "Mheshimiwa, kifaa bandia ni kinachodanganya. Kinajifanya kimetoka mahali ambapo hakikutoka. Hili tunaloliita bandia halikumdanganya mtu. Aliyelitengeneza ameweka dole lake ndani. Kiwanda kililitoa Belmorani na kava lenye kiputo, kazi haijaisha. Huyu ndiye aliyeimaliza. Ukiling'oa kava hili hulirudishi gari kwenye asili yake, unaliua."

Lugome aliligeuza lile kava, akaingiza kidole ndani, akapapasa.

"Unajua matokeo yake?" akauliza. "Nikiikubali rufaa, chombo chako kinafungiwa dunia nzima mpaka kifundishwe upya. Kila cheti ulichowahi kutoa kitatiliwa shaka. Jina lako hili ulilolijenga..."

"Jina langu lipo," Nakijwa akasema. "La huyu halipo popote. Kubali, mheshimiwa."

"Basi nimekubali," akasema Lugome. "Kiwanda cha huyu fundi kinaitwaje? Lazima kisajiliwe kwa jina."

Watu wakamtazama Bi Mwanamvua. "Tulikuwa tukimwita Fundi Sufuria," akasema polepole. "Alipita akinunua sufuria mbovu. Mimi nilikuwa mtoto. Jina lake, wallahi, hatukuuliza."

Nakijwa alipiga magoti mbele ya kisikilizi, akakifundisha neno moja jipya, la mwisho kabla hakijafungiwa. Kisha akakiweka juu ya kava. Kikagonga.

"Kava la wota pampu," kikasema. "Asili. Tanga."

Roboti lilifunga bomba lake, likageuka, likaondoka. Mbelwa alilifunga kava, akawasha. Belmorani liliunguruma, na watoto ambao hawajawahi kusikia injini karibu hivyo walishika masikio wakaruka ruka. Bi Mwanamvua alilia huku akipiga kigelegele, vyote viwili kwa wakati mmoja. Zawena akapanda, honi ikalia, na Ngamiani nzima ikatoka milangoni.

Jumatatu Mbelwa alimkuta Nakijwa kwenye makumbusho ya magari-bubu, amelala chini ya gari la kwanza kati ya yale yenye dole la Fundi Sufuria, patasi mkononi, akibandua gundimawe kutoka kwenye silinda kipande kwa kipande. Kisikilizi hakikuwepo. Kilikuwa kwenye kabati la Wakala, kimefungiwa.

"Gundimawe haitoki, Injinia. Wewe mwenyewe ulituambia."

"Inatoka. Inatoka kidogo kidogo."

Mbelwa aliyahesabu magari kwa macho, yaliyopangwa mpaka mwisho wa ukumbi. "Na haya yote?"

"Nipe ile nyundo," akasema Nakijwa. "Nimeshinda kesi moja tu."